Neno Nililolibadilisha kwenye Barua

Nyumba ya ami yangu pale Maskati ilikuwa na milango miwili, mmoja wa wanaume na mmoja wa wanawake, na katika miaka yangu miwili ya mwanzo nadhani paka aliutumia ule wa kwetu kuliko mimi. Paka alitoka alipotaka. Mimi nilitoka kwa ruhusa, ruhusa ilitaka sababu, sababu ilitaka mtu wa kunisindikiza, na huyo wa kunisindikiza alikuwa mke wa ami, ambaye naye alihitaji ruhusa yake. Mpaka yote hayo yakamilike jua lilikuwa limeshakuwa kali, na ami anasema basi, kesho.

Nilifika mwaka wa sitini na nne, nikiwa na miaka kumi na sita, nimetoka Unguja baada ya mapinduzi. Mama alikuwa amefariki zamani. Baba alinipandisha melini akasema atanifuata, na hakunifuata. Khabari zake zilikuja baadaye na sitaziandika hapa. Ami, kaka yake baba, ndiye aliyebaki Omani wakati ndugu zake wanakwenda Afrika kutafuta maisha. Alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Alinipa chumba cha juu, godoro jipya, na nguo kila Idi. Ila alipokwisha kunipa hivyo alijiona amemaliza, kana kwamba hakuna kitu kingine ambacho msichana anaweza kukitaka duniani.

Mimi nilitaka skuli. Unguja nilikuwa nimefika kidato cha pili, nikienda kwa miguu na wenzangu, vitabu kwapani, tukipita mbele ya baraza za wanaume tukisalimu na kuitikiwa. Maskati hakukuwa na skuli ya wasichana, na za wavulana zenyewe zilikuwa za kuhesabu kwa vidole na vingine vikabaki. Nilipomwuliza ami kama kuna mwalimu anayeweza kuja nyumbani, alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Si umeshajua kusoma?" akasema. "Sasa unataka kusoma nini tena?"

Dirisha la chumba changu lilitazama jabali. Si jabali la mbali la kupendeza macho. Lilikuwa hapo hapo, jeusi, ukuta wa pili nyuma ya ukuta, na mchana lilirudisha joto lote lililolimeza tangu asubuhi. Nililichukia. Naandika hivi nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu na bado nalichukia. Siku ambazo ami alikwenda Ansab kukagua mitende yake nilikuwa nikisimama dirishani nikihesabu mbuzi waliopanda juu, kwa sababu mbuzi angalau walikuwa wakielekea mahali.

Aliyeniokoa nisipate wazimu ni mke wa ami. Alizaliwa Unguja kama mimi, akaletwa Maskati akiwa mwari, na kwa miaka ishirini alikuwa amejifunza Kiarabu cha kununulia samaki tu. Jikoni tulikuwa tunasema Kiswahili, na ami akiingia tunanyamaza, kama watoto walioshikwa wakilamba sukari. Yeye alikuwa mcheshi na mwenye ulimi, lakini kulikuwa na jambo moja lililomzima ghafla, nalo ni uzazi. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika mikononi mwa mkunga wa mtaani kabla sijafika. Ya tatu iliharibika mbele ya macho yangu, na damu haikukatika, na ndipo ami kwa mara ya kwanza akakubali apelekwe Matrah, kwenye hospitali ya Wanasara, wamisionari wa Kikristo kutoka Marekani.

Huko ndiko nilikokutana na muuguzi mkuu wa wanawake. Watu wote walimwita Khatun, yaani bibi mheshimiwa, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa Mmarekani wa miaka sitini hivi, mrefu, mkavu, mwenye viatu vya kiume, na alikuwa amekaa pwani ile miaka thelathini akizalisha. Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Lakini mke wa ami, kwa maumivu, alikuwa amesahau hata kile Kiarabu chake cha samaki, akawa anasema Kiswahili kitupu, na Khatun hakujua hata neno moja. Basi nikafasiri, Kiswahili kwa Kiingereza na Kiingereza kwa Kiswahili, tangu asubuhi mpaka alasiri. Damu ilikatika. Khatun akanawa mikono, akaniuliza nimesoma wapi.

Wiki ile ile alimwandikia ami barua ya adabu. Wanawake wengi waliotoka Unguja wanakuja kwake hawajui Kiarabu, akasema, na yeye hana mtu wa kufasiri. Je, binti angeweza kusaidia asubuhi mbili kwa wiki, upande wa wanawake tu, akisindikizwa? Ami alifikiri siku tatu. Nadhani alipenda kuombwa. Akakubali Jumamosi na Jumanne, na mke wa ami akawa msindikizaji wangu, jambo lililompendeza sana kwani naye alipata kutoka.

Sasa, Khatun alikuwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Tumbo la mjamzito aliweza kulipima kwa mikono bila kuangalia, lakini maandishi yalimshinda. Saa ya chai aliniita ofisini kwake, akaniwekea mbele taipureta na rundo la karatasi zilizoandikwa kwa mkono, akaniomba nizipige chapa. Nilijua tu. Nilisema moyoni, haya, wameanza. Nikamwambia waziwazi kwamba mimi ni Muislamu na nitakufa Muislamu.

"Ufe ukiwa upendavyo," akasema. "Mimi natafuta mpiga chapa."

Zile karatasi hazikuwa za kumsilimisha mtu kinyumenyume. Zilikuwa za ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa na watu wa kwao. Khatun alikuwa anaandikia baraza la wakubwa wa kanisa lake Marekani, wote wanaume, kuwathibitishia kwamba katika miaka ya mwanzo kabisa ya dini yao wanawake hawakukaa nyuma. Watu walikusanyika kusali majumbani mwa wanawake, na mwenye nyumba ndiye aliyeongoza mambo. Mwanamke alitumwa na barua bara na bahari, akaifikisha na kuwasomea watu na kujibu maswali yao. Wapo waliofungwa jela pamoja na wanaume kwa kosa lile lile la kuhubiri. Kisha, akaandika, vikapita vizazi viwili vitatu, dini ikatoka majumbani ikaingia kwenye majengo yake yenyewe, ikataka kuheshimiwa na wakubwa wa mji, na wakubwa wa mji hawakupenda kuona mwanamke amesimama. Hapo zikaja barua nyingine, zenye sauti nyingine: mwanamke akae kimya, asimfundishe mwanamume, mjane asiandikwe kwenye huduma mpaka awe kikongwe. Kulikuwa na wanawake waliowabatiza wanawake wenzao; hao nao wakapunguzwa kidogo kidogo mpaka wakabaki kufagia na kufungua milango. Na yule mwanamke aliyekuwa wa kwanza kulikuta kaburi la Issa tupu, kwa mujibu wa kitabu chao, wahubiri wa baadaye walimchanganya na mwanamke mwingine na kumfanya malaya aliyetubu, na jina hilo likamganda.

Nilipiga chapa yote hayo kwa vidole viwili na hasira ya kumi. Nilikasirika kuliko ilivyonipasa, kwa kuwa dini haikuwa yangu. Lakini mimi nilikuwa mtu niliyekwenda skuli kwa miguu na sasa naomba ruhusa ya kufungua dirisha. Nilielewa vizuri sana jinsi mlango unavyofungwa bila mtu yeyote kuubamiza. Hata kwetu, wanawake walipokea hadithi za Mtume na kuzifundisha kwa wanaume waliokuja kutoka mbali kuwasikiliza, na nilipomkumbusha ami hayo alisema ndiyo, lakini wale walikuwa wale.

Jioni nilimsimulia mke wa ami tukichambua mchele. Kiswahili chetu hakina mwanamume wala mwanamke ndani ya "yeye", na hilo liliniponza. Nilimwambia khabari za mmoja aliyetajwa kwenye zile barua zao za kale kuwa ni mashuhuri miongoni mwa mitume, alivyofungwa, alivyosifiwa, na mke wa ami anaitikia tu "enhe, enhe" mpaka tukamaliza sinia. Nikamwambia sasa baadaye waandishi waliongeza herufi mwishoni mwa jina lake ili awe mwanamume.

"Awe mwanamume?" akasema. "Kwani alikuwa nani?"

"Mwanamke."

Sinia lilimtoka mkononi. "Astaghfirullah! Mtume mwanamke! Na mie hapa nnamuona na ndevu zake!" Kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaniambia niokote mchele, na asubuhi iliyofuata akaniuliza kwa sauti ndogo kama yule mwanamke alikuwa na watoto.

Neno lililonishika zaidi lilikuwa jingine. Katika barua moja ya kale mwanamke mmoja anatambulishwa kwa watu wa mji mgeni, wampokee na kumsaidia, na anaitwa kwa neno la Kiyunani ambalo, likitumiwa kwa mwanamume, watu wote wanalifasiri shemasi, mtu mwenye cheo. Kwa mwanamke huyu, Khatun alisema, wafasiri wameliteremsha. Alikuwa na nakala ya Kiarabu kabatini, akaniambia nitafute. Pale nikakuta: khadima. "Neno ni lile lile!" akasema Khatun, akigonga meza. "Ni mtu aliyekabidhiwa kazi na kutumwa. Wanaume limewapa cheo, yeye limempa ufagio."

Mimi sikuona ufagio. Sikio langu lilikuwa la Unguja, na sikioni mwangu khadima lilikuwa ndugu wa mhudumu, na huduma, na kuhudumia, maneno mazuri yote, ya watu wenye adabu na kazi mikononi. Maskati nilikuwa nikilisikia wakiitwa nalo watu fulani wa majumba makubwa, nikadhani ni watumishi wa mshahara. Ndani ya nyumba yetu hatukuwa nao. Sikuuliza, na nani angenieleza? Nililibeba neno lile nikaenda nalo nyumbani, na nikilala mchana nikitazama jabali nilikuwa nikijiita hivyo kimoyomoyo. Nilijiona na mimi ni mtu wa kutumwa mahali.

Jibu la wakubwa wa kanisa lilikuja mwanzoni mwa mwaka wa sitini na nane. Kwa kuwa macho yake hayakuweza, mimi ndiye niliyemsomea. Walimshukuru kwa juhudi zake. Walisema mambo hayo ni ya wataalamu. Wakauliza kama angependa badala yake kuwaandikia kitu kifupi juu ya malezi ya watoto wachanga katika nchi za joto. Nilisoma mpaka sahihi ya mwisho. Siku ile, Jumanne, asubuhi nilikuwa nimeona sala yao ya wafanyakazi kupitia mlango uliokuwa wazi: mhubiri wao alikuwa na homa, na aliyesimama kusoma mahali pake alikuwa mtunza ghala, akikwama kila mstari, wakati Khatun, anayekijua kitabu kile kwa lugha yake ya kale, amekaa kiti cha nyuma na mikono mapajani.

Akaichukua barua mikononi mwangu, akaikunja. Kisha akasema, "Bahrein wanapokea wasichana kufundishwa uuguzi. Miaka mitatu. Nikikuombea nafasi, ami yako atakubali?"

Bahrein! Dada yake mke wa ami alikuwa ameolewa huko, ningekaa kwake, hakuna aibu ya kulala kwa watu baki. Mke wa ami ndiye aliyelipeleka jambo kwa ami. Alichagua wakati wake kwa akili, kwani alikuwa na mimba ya nne, imepita miezi ile ya hatari zote, na hiyo ilikuwa kazi ya Khatun: sindano, kulala kitandani wiki sita, kuja kumtazama nyumbani kila Alkhamisi. Ami alikuwa anatembea kwa furaha ya kuficha. Akasema Khatun aandike barua rasmi ya kunitambulisha, yeye ataiona, na ikiwa ni barua ya heshima ataweka mkono kwenye ombi la ruhusa ya kusafiri. Siku zile hakuna aliyetoka nchini bila ruhusa, na mwanamke asingeipata bila mkono wa walii wake, yaani mwanamume mwenye dhamana naye, na wangu alikuwa ami.

Khatun alinitajia aliyotaka kwa Kiingereza, maneno manne matano ya maana, nami nikayaandika kwa Kiarabu nyumbani, mkekani jikoni, kwa khati yangu nzuri ya chuo cha Kurani. Kwa kawaida barua zake za Kiarabu ziliandikwa na karani wa hospitali, lakini siku ile karani alikuwa amekwenda Yiti kwenye msiba. Khatun alikuwa ameniita msaidizi wa muuguzi. Nilifika pale nikasita. Msaidizi! Miaka miwili ya kufasiri, kupiga chapa, kushika mikono ya wanawake wanaojifungua, na mimi ni msaidizi tu. Nikaandika: Huyu ni dada yetu, khadima wa hospitali hii. Niliona limependeza. Asubuhi nilimpelekea Khatun, nikamwambia imekamilika kama alivyosema, naye akanitazama kwa macho yake yenye ukungu na kutia sahihi.

Ami aliipokea barua Ijumaa baada ya sala, akiwa na rafiki zake wawili kwenye sabla, chumba cha chini cha kupokelea wanaume. Mimi na mke wa ami tulikuwa juu ya ngazi, nyuma ya pazia. Na ami, Mungu amrehemu, alikuwa amejivuna. Mzungu anamsifu binti wa kaka yake kwa maandishi! Akakohoa, akaanza kuwasomea kwa sauti. Alisoma salamu. Akasoma dada yetu. Kisha akasema, "Khadima," na sauti ikakatika.

Mmoja wa rafiki zake akaweka kikombe chini.

Alipanda ngazi mwenyewe, barua mkononi, na sikuwahi kumwona vile. Hakuwa na hasira tu. Alikuwa kama mtu aliyevuliwa kilemba sokoni.

"Binti wa kaka yangu," akasema, "babu zako saba wana majina yao na makaburi yao. Leo nimesoma kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kwamba wewe ni mtumwa wa Wanasara."

Ndivyo nilivyojifunza maana yake. Khadima, katika mji ule, miaka ile, hakuwa mtumishi wa mshahara. Alikuwa mjakazi, mtu mwenye mwenyewe. Yule mama mtu mzima aliyekuwa akiteka maji ya nyumba ya jirani, ambaye kila siku nilimwona akipita na mitungi, aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa hivyo, na mama yake kabla yake. Nimeona haya mara mbili kwa neno lile. Siku ile niliona haya kwa ajili ya ukoo wetu. Ilinichukua miaka kuona haya kwa ajili yake, kwamba jina ambalo kwetu lilikuwa tusi la kutetemesha nyumba, yeye aliamka nalo kila siku akaenda nalo kisimani.

"Nani ameandika haya?" ami akauliza.

"Barua ni ya Khatun," nikasema.

Si uongo. Sahihi ilikuwa yake. Ami alidhani ni karani aliyeandika kwa kuamriwa, na mimi nikamwacha adhani.

Khatun aliitwa kesho yake asubuhi, na alikuja kwa miguu, na fimbo yake. Ami alimpokea kwenye sabla mbele ya marafiki wale wale wawili, kwa kuwa walioshuhudia aibu ndio wanaopaswa kushuhudia kufutwa kwake. Tulikuwa tena nyuma ya pazia. Ami akampa barua bila kusema kitu. Yeye akaipeleka karibu na dirisha, akaisogeza mpaka ikagusa pua, akaisoma herufi kwa herufi. Nilijua alipofika penyewe, kwani mkono ulisimama. Miaka thelathini pale. Alijua neno hilo maana yake nini kuliko mimi. Na alijua pia lilikotoka. Aligeuza uso akatazama juu, kwenye ngazi, pale ambapo macho yake yasingeweza kuona kitu.

"Kosa ni langu, Shekhe," akasema. "Nimezeeka. Kiarabu changu kimeanza kunipotea. Nilitaka kusema muuguzi."

Rafiki mmoja akacheka, kicheko cha kupumua. Yule mwingine akasema, miaka yote hii kwetu na bado hajui kumtofautisha muungwana na mtumwa! Ami naye akaanza kulegea. Nilisikia kwenye sauti yake jinsi alivyofarijika, kwamba aibu imepata mwenyewe na mwenyewe ni mgeni. Akasema aandike nyingine, yenye neno lake sahihi, naye ataweka mkono, kwa kuwa alikwishaahidi. Binti atakwenda Bahrein.

"Lakini wewe," akamwambia, "mguu wako usikanyage tena nyumba hii. Na mwanamke yeyote wa ukoo wangu hatakuja kwako. Mwenye kumwita mwana wa watu mtumwa, sitamwachia damu yangu mikononi mwake."

"Shekhe, mkeo," Khatun akasema. "Mimba yake..."

"Watu walizaliwa kabla yako."

Nilikuwa ngazi tano juu yao. Hakukuwa na zaidi ya pazia la kitambaa kati yangu na wao, na kilichotakiwa ni maneno matatu: ni mimi niliyeandika. Nisingeuawa. Ningefokewa, ningefungiwa, na Bahrein ingekuwa imekwisha, na jabali lingebaki dirishani mpaka nipate mume na jabali jingine. Hilo ndilo nililoliogopa. Nilizipiga chapa karatasi mia na zaidi nikiwalaani wanaume waliowanyamazisha wanawake. Pale hakuna mwanamume aliyeninyamazisha. Mke wa ami akanishika kifundo cha mkono, akanibana, na mimi nikadhani ananifariji. Nikakaa kimya mpaka nikasikia fimbo ya Khatun ikigonga kizingiti na mlango wa wanaume kufungwa.

Barua ya pili aliiandika karani. Ombi la ruhusa lilikwenda, likakaa, likarudi limekubaliwa baada ya miezi miwili. Katika miezi hiyo sikupelekwa Matrah tena, na wanawake wa Unguja wa mtaa wetu, ambao waume zao walisikia kisa kile msikitini, wakaacha kwenda pia. Alkhamisi zikapita bila mtu kumtazama mke wa ami. Alianza kuvimba miguu. Alikuwa hacheki sana, na mimi nilikuwa na haraka ya kushona nguo zangu za safari kiasi kwamba nilijifanya sioni.

Siku ya kuondoka, mchana, mashua ilikuwa inangoja kutupeleka mimi na ami kwenye meli, na ami alikuwa chini akiita. Mke wa ami alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku langu akikunja nguo, kwa shida, tumbo likimzuia. Aliweka buibui juu ya vyote akaikandamiza kwa viganja.

"Lile neno uliliandika weye," akasema, bila kuinua uso. "Nlikuona pale mkekani. Ulikuwa unacheka peke yako."

Nikamwuliza mbona hakusema.

"Mie nseme? Nlikushika mkono pale pazia, nkakubana, nnangoja useme weye." Akafunga sanduku, akakaa juu yake ili kufuli liingie, akashika kiuno akivuta pumzi. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. "Haya, mwanangu, nenda. Lakini nambie. Sasa mie nani atanizalisha?"

"Mimi," nikamwambia. "Nikirudi."

Masomo yalikuwa ya miaka mitatu. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba.